Kucheka Kanisani ni Sawa. Kumcheka Mtu Ndio Noma

Kuna kicheko kimoja duniani hakizuiliki: kile cha kanisani, wakati wa maombi, macho yamefungwa, halafu binamu yako anatoa kasauti kidogo kwa pua. Basi. Mmeisha. Hata kama kilichotokea hakichekeshi, utacheka. Utauma ulimi, utafikiria matanga, utafikiria deni lako la Fuliza, na bado mabega yatatingika kama matatu ya zamani ikiwashwa asubuhi.

Nimelelewa kanisani. Kanisa la mabati huko Kayole, viti vya plastiki, spika mbili kubwa kuliko madhabahu, na mvua ikinyesha mahubiri yanageuka kuwa bubu. Mathe wangu ni wa kikundi cha akina mama, kwa hivyo mimi na dada yangu tulikaa safu ya tatu, mahali anaweza kutufikia kwa mkono.

Alikuwa na adhabu za ngazi tatu. Ya kwanza ni jicho. Kichwa hakigeuki, ni jicho peke yake linasafiri mpaka kwako. Ya pili ni kufinywa. Mkono wa kushoto umeinuliwa juu unasifu, wa kulia uko chini ya leso unafinya paja, na uso wake bado unaimba sauti ya pili bila kukosea. Ya tatu ni maneno mawili tu, akitabasamu ili jirani asijue: "Tutaonana nyumbani." Kama ulikulia kwa nyumba ya Mkenya, unajua hayo maneno yanaleta toba haraka kuliko mahubiri yoyote.

Lakini wacha tuseme ukweli, wasee. Kanisa linachekesha. Mhubiri anasema "ninapomalizia" saa sita kasoro, na saa saba bado anamalizia. Matangazo ni marefu kuliko neno. Mgeni anaambiwa asimame atuambie jina na anakotoka, anasimama, anaanza ushuhuda tangu 1998. Siku ya mnada, jogoo wa watu yuko amefungwa miguu kando ya madhabahu akingoja kuuzwa, na mchungaji akisema "tunyamaze mbele za Bwana," jogoo anakataa kunyamaza. Halafu kuna yule mtoto anafungua peremende ya Patco polepole akidhani ndio hatasikika, kumbe karatasi ikifunguliwa polepole inapiga kelele kwa dakika nzima.

Hizo ndizo video nilianza nazo. Nilijifunga leso ya mathe nikaigiza mama wa kwaya. Nikaigiza usha mwenye glovu nyeupe anayekutoa nyuma akupeleke safu ya mbele kama mshukiwa. Kanisa letu lilizipenda. Mchungaji alizituma kwa kikundi cha WhatsApp cha wazee. Mama mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza, "Huyo wa leso ya kijani ni mimi?" Nikasema la. Akasema, "Ni mimi. Na siku nyingine uvae vizuri, mimi sifungi leso hivyo." Hapo nilijiona nimefika. Nilikuwa nachekesha watu juu yao wenyewe na wananipa baraka.

Halafu ikaja Agosti mwaka jana.

Tulikuwa na mhubiri mgeni, mmoja wa wale wa Kiingereza cha TV. Na kanisa letu lina mkalimani, mzee mmoja wa miaka sitini na kitu, ambaye ametafsiri mahubiri tangu kabla nizaliwe. Sitataja jina lake, na mkimjua msilitaje. Huyu mzee hakusoma sana, aliachia shule ya msingi. Kiingereza alijifunzia kazini. Alikuwa soja wa usiku huko Lavington, na usiku mrefu aliumaliza na magazeti ya juzi ambayo wenye nyumba walikuwa wametupa. Alisoma kila kitu, hadi matangazo ya vifo. Hicho ndicho Kiingereza alichotuletea madhabahuni.

Sasa mgeni akaanza na moto. Akauliza, kwa ile sauti, kama kuna mtu ndani ya nyumba. Mzee akatugeukia kwa upole kabisa: "Kuna mtu yeyote ndani ya nyumba?" Kanisa lina watu mia tatu. Kimya. Shosho mmoja huko nyuma, ambaye nadhani aliona swali limekosa mwenyewe, akajibu, "Tuko!"

Nikaanza kutingika.

Mgeni akasema anawaka kwa ajili ya Bwana. Mzee: "Ninaungua!" Mausha wawili wakaangaliana. Mgeni akaomba shahidi. Mzee akainua mkono: "Naomba nipewe shahidi!" kama mtu ako kizimbani Makadara. Mgeni akataka Mungu apigiwe makofi. Mzee: "Mpeni Bwana mkono mkubwa!" Kufikia hapo kanisa lote lilikuwa limeenda. Akina mama wanapangusa machozi kwa leso, mchungaji ameinamisha kichwa anajifanya anaandika. Hata mzee mwenyewe alitabasamu. Mathe wangu, yule wa kufinya, alikuwa amejishika mbavu.

Ilikuwa siku nzuri sana. Na ningeiacha hapo, singekuwa na kitu cha kuandika leo.

Lakini nilikuwa na simu. Nilikuwa nimeiweka kwa goti, kamera inaangalia juu. Nilirekodi dakika kama nne. Nikafika nyumbani, nikakatakata, nikaacha zile sentensi za mzee peke yake, nikatoa "Tuko!" ya shosho, nikatoa kicheko cha kanisa, nikatoa lile tabasamu. Nikaweka muziki wa kikatuni chini. Nikaandika juu: "Mkalimani wa kutoka kuzimu." Nikaposti saa mbili usiku, saa ambayo tunajua watu wako kwa simu.

Jumanne ilikuwa imepita watazamaji laki tatu. Sikuwahi kufikisha hata laki moja. Nilikaa kitandani nikisoma komenti kama mtu anahesabu pesa. Mtu anasema huyu mzee ni mshamba. Mwingine anasema arudishwe nasari. Mwingine amechukua uso wake akatengeneza stika. Nilikuwa naweka alama ya kucheka kwa kila moja. Kila moja, manze.

Jumapili iliyofuata, maikrofoni ya pili ilishikwa na kijana mmoja wa chuo, Kiingereza safi, Kiswahili safi, hakuna aliyecheka na hakuna aliyelala. Mzee hakuwa kwa kiti chake. Jumapili ya pili, hakuwa. Ya tatu, alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka.

Mathe hakuniambia kitu wiki hizo zote. Nilijua ameona, kwa sababu kikundi chao cha WhatsApp huona kila kitu. Jumapili ya tatu jioni akaniwekea chakula, akakaa, jambo ambalo huwa hafanyi, huwa anakula akitembea. Akaniuliza, "Harambee yako ya kwenda chuo, unakumbuka nani alishika kikapu?"

Nilikumbuka. Ilikuwa 2021, tukiwa bado tunavaa barakoa. Nilikuwa nimeitwa chuo na nyumbani hakukuwa na ya kwanza wala ya mwisho. Kanisa likasimama. Watu ambao wenyewe walikuwa hawajalipa nyumba walitoa mia mbili, mia tatu. Mama mmoja alileta trei mbili za mayai zikapigwa mnada mara tatu, kila anayenunua anarudisha. Mzee ndiye alizunguka na kikapu. Na kabla ya kuzunguka alitoa noti ya elfu kutoka kwa mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, akaiweka ya kwanza ndio wengine waone kikapu si kitupu. Mshahara wa soja mnaujua.

Na mwaka wa pili nikaacha chuo.

Sababu zangu ninazo, si za leo. Ninachotaka mwone ni hiki. Nilirudi kwa hilo kanisa bila digrii, na kila mtu ndani alikuwa na haki ya kunicheka. Walilipa tikiti, mimi nikashukia njiani. Nilingoja utani wao mwaka mzima. Haukuja. Mzee alinisalimia mlangoni vile vile, "Kijana yangu, tunamshukuru Mungu umefika." Ndani ya kanisa zima, mwenye kuchekesha zaidi nilikuwa mimi, na walikataa kucheka.

Nilienda kwake Jumatano. Nilibeba mkate na kilo ya sukari, kwa sababu sikujua mtu huomba msamaha wa video na nini. Mke wake alinikaribisha, akaweka chai, akarudi jikoni bila kusema mengi. Hapo nilijua pia yeye ameona.

Nikaanza, "Mzee, nimekuja kwa sababu ya ile kitu."

Akasema, "Ile ya kuungua?"

Wueh. Sikujua niangalie wapi. Akaendelea, polepole, kama anatafsiri: "Mjukuu wangu alinionyesha. Alidhani nitafurahi, kwa sababu watu ni wengi. Kijana yangu, siku ile kanisani mlicheka, na mimi nilicheka. Nilijua nimeharibu. Mgeni alikuwa anakimbia, nami nina magoti mabovu, hata ya ulimi. Kwa hiyo ilikuwa sawa. Lakini hiyo ya simu mlicheka kama mimi siko. Na hao watu sijawahi kuwasalimia hata mmoja."

Nikamwambia nitaitoa. Akasema, "Itoe. Lakini nasikia imeshatembea."

Ilikuwa imeshatembea kweli. Niliitoa usiku huo huo, nikaandika pole. Wasee wachache walinisifu kwa kuwa mkomavu, ambayo iliniuma zaidi. Lakini klipu ilikuwa imepakuliwa, imekatwa tena, imetiwa alama za kurasa zingine. Mwezi uliopita mtu ambaye hanijui alinitumia kwa WhatsApp na kuniambia, "Cheki hii, utakufa." Stika bado iko. Mimi ndiye nilifungua lango, na sina uwezo wa kulifunga. Hilo silisemi ili mnionee huruma. Nalisema kwa sababu tunapenda kuambiana "si utoe tu," na kutoa hakurudishi.

Tangu hiyo Jumatano nimefikiria sana juu ya hiki Kiswahili chetu. Mathe hufundisha watoto wadogo wa kanisa, na huwaambia: kucheka na mtu ni kitu kimoja, kumcheka mtu ni kingine. Nilikuwa nasikia kama maneno ya watoto. Lakini angalia vizuri. Kucheka na mtu, lazima awepo. Kumcheka, hahitajiki. Siku ile kanisani mzee alikuwepo, akasikia, akatabasamu, akaweza hata kujirekebisha. Kwa video yangu nilimtoa. Kwa mikono yangu nilikata ile sekunde anatabasamu, kwa sababu tabasamu lake lilikuwa linaharibu utani. Hapo ndipo dhambi ilikuwa. Si kwa kicheko. Ilikuwa kwa mkasi.

Na usiniambie suluhisho ni watu wanyamaze kanisani. Hiyo siikubali. Kuna watu wanadhani Mungu anashtuka akisikia kicheko, kwamba heshima ni uso wa matanga. Hebu someni Biblia yenu. Sara alicheka aliposikia atazaa uzeeni, na mtoto akaitwa Isaka, jina ambalo kwa Kiebrania linatokana na kucheka. Kila wakitaja Abrahamu, Isaka na Yakobo kwa uso wa huzuni, katikati hapo kuna kicheko. Na kwa Matendo ya Mitume sura ya 20, Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, kijana anaitwa Eutiko akalala dirishani, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Waliomwokota walidhani amekufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, akasema yuko hai. Halafu, na hii ndiyo sehemu naipenda, akarudi juu akaendelea kuongea mpaka alfajiri. Hiyo ni "ninapomalizia" ya kwanza katika historia ya kanisa. Lakini ona pia: hakumfanya Eutiko mfano wa vijana wasio na nidhamu. Alishuka kwanza. Alimkumbatia kwanza.

Jambo la pili: angalia unacheka kuelekea wapi. Kwa miaka mingi tumekalia viti vya kanisa tukicheka utani mkavu wa waheshimiwa. Mheshimiwa amechelewa, ameketishwa mbele, amepewa maikrofoni ya kusalimia tu, amesalimia dakika arobaini, na sisi tunacheka kwa adabu kwa sababu kuna bahasha. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana walianza kukataa hata hapo madhabahuni, na ndipo wengi walisikia maneno Occupy Church mara ya kwanza. Novemba mwaka huo huo, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alisema pesa ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa kwa kanisa Katoliki la Soweto, hapa hapa upande wetu, zirudishwe. Kuna vichekesho vya kutosha hapo vya kufanya mwaka mzima. Mtu mwenye walinzi na bahasha akichekwa, anaweza kujijibu. Mimi niliacha hao wote nikachagua mzee wa magazeti ya juzi. Siwezi hata kusema nilikuwa jasiri.

Kwa hivyo sasa naenda hivi. Simu inakaa mfukoni mpaka baraka, hata kama jogoo atapanda madhabahuni. Nikiigiza, naigiza kwa mwili wangu na leso ya mathe, hakuna uso wa mtu ambaye hakuniambia sawa. Na kabla ya kuposti najiuliza kama ningeweza kuicheza kwa sauti kubwa siku ya chai ya wageni, muhusika akiwa ameshika kikombe karibu nami. Kama jibu ni la, basi hicho si kichekesho, ni udaku na muziki. Watazamaji wamepungua, sitawadanganya. Laki tatu sijaiona tena. Kuna wiki hiyo inaniuma kwa mfuko kabisa, kwa sababu hii ndiyo kazi yangu na nyumba hailipwi na dhamira safi.

Mzee hajarudi kwa maikrofoni. Mchungaji amemwomba mara mbili, anasema yule kijana anafanya vizuri, aachwe afanye. Labda ni kweli amechoka. Labda ni mimi. Sitawahi kujua vizuri, na nadhani hiyo ni sehemu ya bei.

Lakini kesha ya Desemba 31 alikuja, akakaa safu ya nne, katikati ya watu. Saa tano na nusu usiku tumechoka, watoto wamelala kwa mikeka, mchungaji akaona kanisa limepoa. Akauliza kwa sauti, "Kuna mtu ndani ya nyumba?"

Kimya. Mkimya ule wa watu mia tatu wanaokumbuka kitu kimoja na wanaogopa kuangalia upande mmoja. Mathe alinishika mkono. Hakunifinya, alinishika tu.

Na mzee, bila kusimama, akajibu, "Tuko!"

Kanisa lilianguka, wasee. Watoto wakaamka. Shosho wa nyuma alikuwa anapiga kiti. Nilicheka mpaka nikalia, halafu sikujua nimevuka wapi kutoka kwa moja kwenda kwa nyingine. Simu yangu ilikuwa mfukoni. Hiyo hamtaiona popote, na samahani, lakini ilikuwa ya waliokuwepo.

Sasa niambieni nyinyi: ni lini ulicheka kanisani mpaka ukatolewa nje? Nataka hizo hadithi zote. Majina ya watu tu ndio mbaki nayo.